Chuo Kikuu Kinavyojitengenezea Linux Yake: Mfano wa Athena

Mwezi Mei 1983 chuo cha MIT, kilichopo mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, kilianzisha mradi ulioitwa Athena kwa ubia na kampuni mbili za kompyuta, DEC na IBM. Lengo lilikuwa kuwawekea wanafunzi kompyuta za kusomea chuoni kote. Mradi ulipangiwa miaka mitano, ukaongezewa mitatu, ukafungwa rasmi Juni 1991. Mtandao uliozaliwa humo haukufungwa. Ulianza na mfumo endeshi wa Unix wa Berkeley, baadaye ukatumia Solaris ya kampuni ya Sun pamoja na Linux ya Red Hat, na mwishoni mwa miaka ya 2000 ukahamia Ubuntu kwa jina la Debathena.

Mfano huu unafaa kwa sababu chuo hicho kilipita njia zote mbili za kujipatia mfumo: kwanza kuujenga karibu wote chenyewe, kisha kuchukua wa wengine na kuurekebisha. Kabla ya kuuliza njia ipi ni bora, inabidi tujue mfumo wenyewe unatakiwa ufanye nini.

Tuanze na istilahi. Linux, kwa maana kamili, ni kiini cha mfumo endeshi: ile programu inayogawa kumbukumbu, inayoendesha diski na kadi ya mtandao, na inayoamua programu ipi ipate zamu ya prosesa. Linus Torvalds aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Anahitaji dirisha la kuingilia, kivinjari, kihariri cha maandishi, na mamia ya programu ndogo zinazofanya kazi bila yeye kuziona. Mkusanyo wa kiini na programu hizo, uliojaribiwa ukaonekana unafanya kazi pamoja na unaoendelea kutolewa masasisho, ndio uitwao distro. Debian, iliyoanzishwa 1993, ni distro. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ni distro iliyojengwa juu ya Debian.

Ndani ya distro, programu hufungwa katika vifurushi. Kifurushi kina mafaili ya programu yenyewe, orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea, na maelekezo ya kufuatwa kinaposakinishwa au kuondolewa. Vifurushi hukaa katika hazina, yaani seva ambayo kompyuta huiendea kuchukua vilivyo vipya. Msomaji ashike neno kifurushi, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye chuo. Kompyuta ya nyumbani ina mwenyewe, naye hutunza mafaili yake humo na ndiye anayejua nywila yake. Kompyuta ya maabara haina mwenyewe. Mwaka 1988 mhandisi wa Athena, G. Winfield Treese, aliwasilisha makala kuhusu kuendesha Unix ya Berkeley katika kompyuta 1000. Idadi hiyo inageuza mambo. Hakuna fundi atakayezungukia kompyuta 1000 kufungua akaunti ya mwanafunzi mpya, wala kurekebisha faili moja lililokosewa. Kwa hiyo Athena iliweka masharti: kompyuta yoyote iweze kushika nafasi ya nyingine, kazi ya mwanafunzi isihifadhiwe ndani ya kompyuta anayoikalia, na kompyuta iliyo katika chumba cha umma isiaminiwe.

Sharti la mwisho ndilo gumu. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta usiku kucha anaweza kuifungua, kuiwasha kwa diski yake mwenyewe, na kujipa madaraka ya mtumiaji mkuu. Akishafika hapo, anaweza kuifanya kompyuta hiyo itangaze mtandaoni kwamba anayeitumia ni profesa fulani. Mifumo mingi ya Unix ya wakati huo ilikubali tangazo la namna hiyo bila kuuliza, kwa kuwa ilidhani kila kompyuta iko chini ya msimamizi mwaminifu. Athena haikuwa na anasa hiyo. Jibu lake lilikuwa Kerberos, iliyobuniwa na Steve Miller na Clifford Neuman kwa kufuata wazo ambalo watafiti Needham na Schroeder walilichapisha mwaka 1978.

Kerberos hufanya kazi hivi. Kuna seva moja inayolindwa sana, ambayo ina ufunguo wa siri wa kila mtumiaji na wa kila huduma. Ufunguo wa mtumiaji hutokana na nywila yake. Mwanafunzi anapotaka kuingia, kompyuta hupeleka jina lake kwenye seva hiyo. Seva hurudisha vitu viwili: tiketi, na ufunguo wa muda uliofungwa kwa fumbo ambalo ufunguo wa mwanafunzi pekee ndio unaolifumbua. Mwanafunzi akiandika nywila iliyo sahihi, kompyuta hulifumbua fumbo. Akikosea, kilichorudishwa hakimfai kitu. Nywila yenyewe haipiti kwenye waya hata mara moja.

Tiketi hiyo ya kwanza kazi yake ni kuombea tiketi nyingine. Mwanafunzi akitaka barua zake, kompyuta huionyesha kwa seva ya Kerberos na kupewa tiketi ya huduma ya barua. Tiketi hii imefungwa kwa ufunguo wa huduma ya barua, hivyo huduma ikiweza kuifungua inajua imetoka kwa Kerberos na si kwa mlaghai. Pamoja nayo hupelekwa ithibati fupi yenye saa ya wakati huo, ili aliyeidaka njiani asiweze kuitumia baadaye. Kila tiketi hufa yenyewe baada ya muda wake kwisha.

Kutokana na hiyo saa tunapata jambo la kwanza ambalo distro ya chuo lazima ilitimize. Kwa kawaida Kerberos hukataa ombi ikiwa saa ya kompyuta inapishana na ya seva kwa zaidi ya dakika tano. Kompyuta iliyokaa stoo likizo nzima na kurudi saa yake ikiwa imechelewa itamkatalia mwanafunzi mwenye nywila sahihi, naye ataapa kwamba akaunti yake imefungwa. Kwa hiyo programu ya kurekebisha saa kupitia mtandao, ambayo nyumbani ni jambo la hiari, chuoni ni ya lazima.

Kerberos huthibitisha kwamba huyu kweli ni fulani. Haisemi namba yake ya utumiaji ni ipi, wala mafaili yake yako katika seva gani. Athena iliikabidhi kazi hiyo kwa Hesiod, iliyotumia mfumo uleule wa seva za majina unaotafsiri anwani za intaneti. Habari za Hesiod si siri. Ni kama zile za kitabu cha simu.

Mafaili nayo yalihitaji mahali. Athena ilitumia AFS, mfumo wa mafaili uliotoka chuo cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, ambao IBM iliuachia kuwa programu huria mwaka 2000. Katika AFS mafaili hugawanywa katika mafungu, na msimamizi anaweza kuhamisha fungu kutoka seva moja hadi nyingine bila mtumiaji kujua, kwa sababu njia anayoiandika haitaji jina la seva. Ruhusa za kusoma na kuandika hutokana na tiketi za Kerberos. Juu ya AFS, Athena iliweka makabati: saraka zilizo chini ya /mit, moja kwa kila mtu, kozi au programu. Mwanafunzi wa uhandisi aliyetaka programu ya kozi yake aliandika amri add ikifuatwa na jina la kabati, na programu ikawa tayari kutumika bila kusakinishwa kwenye kompyuta aliyoikalia.

Huduma hizi zote ziko nje ya kompyuta ya mtumiaji. Linux ya chuo, ukiondoa nembo na picha ya skrini, ni kazi ya kuifundisha Linux ya kawaida kuziendea. Na Linux ina milango miwili ya kupokelea mafunzo hayo.

Mlango wa kwanza huitwa PAM. Dirisha la kuingilia na programu ya kufunga skrini hazihakiki nywila zenyewe, huiuliza PAM. Nayo ina faili la mipangilio linalotaja wa kuulizwa na kwa mpangilio gani. Msimamizi akiandika humo kwamba Kerberos iulizwe, programu zote zinaanza kutumia Kerberos pasipo mstari mmoja wa msimbo wao kuguswa.

Mlango wa pili ni NSS, nao ni wa majina. Kila programu inayotaka kujua namba 10500 ni ya nani huuliza NSS, ambayo hufuata orodha: kwanza mafaili ya ndani ya kompyuta, kisha Hesiod. Hapa pana hatari ambayo wengi huipita. Ikiwa seva ya majina imetekwa, inaweza kujibu kwamba mwanafunzi fulani yumo katika kikundi cha wasimamizi wa kompyuta hii, naye akapata madaraka kwa jibu hilo tu. Waliotengeneza Debathena waliandika moduli iitwayo nss_nonlocal, ambayo huzuia majina na namba zinazotoka mtandaoni zisijifanye za ndani. Ni programu ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe inaweza kuunganishwa na saraka ya chuo bila kuhatarishwa.

Sasa tunaweza kuzilinganisha njia mbili. Katika toleo lililoitwa Athena 9, wahandisi wa chuo walitunza mti mmoja mkubwa wa msimbo. Ulikuwa na programu zao wenyewe, na pia nakala za programu za wengine, zikiwemo za mazingira ya GNOME na kivinjari cha Mozilla, zilizorekebishwa na kutengenezwa upya kwa Solaris na kwa Linux. Faida yake ni udhibiti: kompyuta zote zilikuwa na kitu kilekile, na chuo kilijua kila faili limetoka wapi. Gharama yake hulipwa polepole. Kila kasoro ya usalama ikigunduliwa katika kivinjari, lazima mtu wa chuo achukue kiraka, akitie, atengeneze upya, ajaribu, asambaze. Kazi ambayo Debian huifanya kwa mamia ya watu waliojitolea, chuo kilikuwa kinairudia kwa watu wachache wanaolipwa mshahara.

Njia ya pili ilianzia kwa wanafunzi. Kikundi cha SIPB, chama cha wanafunzi wa MIT wanaopenda kompyuta kilichokuwepo tangu 1969, kilianza kuvigeuza vipande vya Athena kuwa vifurushi vya Debian na Ubuntu. Hawakutengeneza distro mpya. Waliacha Ubuntu ilivyo, wakaongeza hazina yenye vifurushi vyao tu. Idara ya kompyuta ya chuo ikaipokea kazi hiyo ikawa Athena 10. Ni sawa na kununua kanzu dukani na kumpelekea fundi apunguze mikono, badala ya kujifumia kitambaa.

Mikono ya Ubuntu, hata hivyo, haipunguziki kirahisi. Kanuni za Debian zinakataza kifurushi kimoja kubadilisha faili la mipangilio la kifurushi kingine, na zina sababu. Msimamizi akilihariri faili hilo kwa mkono, kisha toleo jipya la kifurushi likaja na faili tofauti, mfumo humuuliza: ubaki na lako au uchukue jipya? Kwenye kompyuta moja swali hilo ni la adabu. Kwenye mamia ya kompyuta zinazojisasisha saa tisa za usiku, hakuna wa kulijibu. Ukiamuru mapema kwamba la chuo libaki, unakosa marekebisho ya Ubuntu. Ukiamuru lichukuliwe jipya, kesho yake wanafunzi hawaingii.

Debathena ililitatua hilo kwa chombo kiitwacho config-package-dev. Kina mbinu mbili. Ya kwanza ni kuchepusha. Mfumo wa vifurushi wa Debian unaruhusu kifurushi kutangaza kwamba faili fulani, kila litakapoletwa na mwenyewe, liwekwe kwa jina jingine. Faili asili huhamia pembeni, la chuo huwekwa karibu yake, na mahali pa zamani hubaki kiungo kinachoelekeza kwenye la chuo. Ubuntu inaendelea kusasisha faili lake bila ugomvi. Kifurushi cha chuo kikiondolewa, mchepuko hufutwa na faili asili hurudi mahali pake, kana kwamba hakuna aliyeligusa.

Mbinu ya pili ni kugeuza, nami naiona kuwa ndiyo fikra bora katika kazi yote hii. Badala ya kuhifadhi nakala nzima ya faili lililohaririwa, kifurushi huhifadhi maelekezo: chukua faili la Ubuntu, mstari huu ufanye hivi. Kwa mfano, faili la mipangilio la seva ya SSH, inayomwingiza mtumiaji kutoka mbali, lina mistari mingi, na chuo kinataka kubadilisha ile michache inayoruhusu kuingia kwa tiketi za Kerberos. Kifurushi kinapotengenezwa, maelekezo hutumika juu ya faili asili, baada ya kuhakiki kwamba faili hilo kweli ndilo lililoletwa na Ubuntu na halijaguswa. Likija toleo jipya la Ubuntu, maelekezo yaleyale hutumika juu ya faili jipya. Mtu akisoma kifurushi anaona moja kwa moja chuo kimebadilisha nini na kimeacha nini. Katika Athena ya zamani, kulijua hilo kulihitaji kulinganisha mafaili mawili marefu.

Kugawa kazi katika vifurushi kulileta jambo jingine, ambalo mfumo uliofumwa pamoja haukuliruhusu: ngazi. Kifurushi debathena-standard kilileta programu za Athena bila kugusa namna ya kuingia, hivyo mwanafunzi aliweza kukiweka katika laptopu yake. Kile cha debathena-login kiliruhusu kila mwenye akaunti ya Athena aingie. Cha debathena-workstation kiliongeza masasisho ya moja kwa moja, kikifaa ofisi za walimu. Cha debathena-cluster kilikuwa cha vyumba vya umma.

Vyumba vya umma vina tatizo lao. Athena ilikuwa na desturi, ya kushangaza kwa msimamizi wa kwetu, ya kuwaruhusu watumiaji wawe mtumiaji mkuu wa kompyuta waliyoikalia. Kwa kuwa hakuna seva iliyoiamini kompyuta hiyo, madhara yaliishia hapohapo. Lakini anayekuja baada yake je? Huenda aliyetangulia ameacha programu ya kunasa nywila. Debathena ilijibu kwa kumfungulia kila anayeingia mfumo wa bandia uliotengwa, nakala ya papo kwa papo ya mfumo wa kweli. Humo anasakinisha, anafuta, anaharibu. Akitoka, nakala inatupwa, na anayefuata anapewa nyingine safi.

Hadi hapa njia ya vifurushi inaonekana kushinda kwa kila kipimo. Ina udhaifu mmoja mkubwa: mwenye distro haulizi chuo kabla ya kubadilisha. Ubuntu 11.10, ya Oktoba 2011, iliondoa programu ya kuingilia iitwayo GDM na kuweka LightDM. Oktoba 2017, katika toleo 17.10, GDM ikarudi. Katikati, toleo 15.04 lilikuwa limebadilisha mfumo mzima wa kuwasha huduma, kutoka Upstart kwenda systemd. Kila badiliko kama hilo hugusa mahali ambapo chuo kimeshikiza mambo yake, hasa dirisha la kuingilia. Kuna pia AFS. Msimbo wake ulioachiwa na IBM, kwa sababu za leseni, haumo ndani ya kiini cha Linux, hivyo moduli yake hutengenezwa upya kila kiini kinaposasishwa, na isipotengenezeka kompyuta huwaka vizuri kabisa huku mafaili ya mtumiaji hayaonekani.

Na kuna kuachwa njiani. Maabara za fizikia za Fermilab na CERN zilikuwa na distro yao ya wanasayansi, Scientific Linux, iliyojengwa kwa msimbo wa Red Hat. Mwaka 2019 Fermilab ilitangaza kwamba haitatengeneza toleo la nane na kwamba itahamia CentOS 8, distro nyingine iliyojengwa kwa msimbo wa Red Hat. Desemba 2020 Red Hat ikatangaza kwamba CentOS 8 yenyewe itakoma mwisho wa 2021. Waliokwisha kuhamia ilibidi wahame tena. Waliokuwa wamebadilisha machache walihama kwa urahisi zaidi.

Tusisahau watu. Mwanafunzi hodari huandika kifurushi akiwa mwaka wa pili na kuhitimu mwaka wa nne. Kifurushi hubaki, lakini aliyekielewa ameondoka. Chuo kinachotegemea kazi ya wanafunzi kinahitaji angalau mhandisi mmoja wa kudumu ambaye kazi yake, kwa maandishi, ni kutunza hazina hiyo. Bila yeye, toleo moja tu la Ubuntu linatosha kuizima.

Nani leo anahitaji haya, ikiwa mwanafunzi anakuja na laptopu yake? Jibu linategemea kinachobebwa na mfumo wenyewe. Taasisi ya hisabati ya AIMS, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na yenye kituo pia Kigali, ilitengeneza AIMS Desktop, ambayo toleo lake la 2017 lilijengwa juu ya Debian 9. Uzito wake uko katika programu za hisabati na sayansi ambazo mwanafunzi anazihitaji tangu siku ya kwanza, na ambazo angetumia saa nyingi kuzikusanya mwenyewe. Hiyo ni haja halali, tofauti na ile ya mwaka 1983.

Uamuzi wangu, baada ya kuzipima njia zote mbili, ni kwamba chuo kisijenge distro. Kijenge hazina ndogo ya vifurushi juu ya toleo la Ubuntu au Debian linalotunzwa kwa muda mrefu, kiandike mabadiliko yake kama maelekezo na si kama nakala, na kifute kila kifurushi ambacho kazi yake distro yenyewe imeanza kuifanya. Mwenendo wa Athena unaunga mkono hilo: mti mkubwa wa Athena 9 umebaki historia, lakini Kerberos, ambayo haikufungamana na distro yoyote, imo ndani ya Windows tangu Windows 2000 na bado inafungua milango ya ofisi na vyuo duniani kote. Msimamizi anayetaka kuanza aanze na huduma ya utambulisho na saa zilizo sahihi. Nembo ya chuo kwenye skrini ya kuwashia isubiri mwaka wa pili.